Hodi kwa Mwenyewe

Jirani yangu hapa Goma ana babula, jiko la makaa, mlangoni kwake, na karibu kila siku mchana, watoto wanaporudi kutoka shule, anakaanga bisi. Mahindi yanapasuka chini ya kifuniko cha sufuria, wanangu wawili wanakimbilia kule na sahani, na mimi naingia chumbani kufunga dirisha. Wanadhani mama yao hapendi moshi. Wiki iliyopita yule mkubwa aliniletea bisi kwenye kiganja chake hadi puani, akisema, "Mama, onja tu kidogo," nami nikausukuma mkono wake kwa nguvu hata zikatawanyika sakafuni. Aliniangalia kama mtu aliyekosea nyumba. Niliziokota zote, moja moja, bila kumweleza kitu. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoshindwa kumwambia.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Mdogo wangu Amani alikuwa na minne. Tulitoka milimani, upande wa Karuba, kwenye nchi ya nyasi na ng'ombe ambako mtu ukimwona anakuja unakuwa na muda wa kuchuma mboga, kuziosha na kuzibandika jikoni kabla hajafika. Baba alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa tumbo, msimu mmoja tu kabla ya vita kupanda kilima chetu. Asubuhi ile bunduki zilipolia karibu, mama alichukua sufuria, Biblia na mbuzi wa baba, jike la rangi ya kahawia ambalo baba alilinunua mwenyewe na alikuwa akiliita Dada. Tulitembea siku nyingi kuelekea Walikale, mbuzi akivutwa kwa kamba, Amani akibebwa, mimi nikiwa na sufuria kichwani, mpaka kwenye kijiji cha msituni ambako dada yake mama alikuwa ameolewa. Tulimwita Mama Mukubwa. Mume wake alikuwa mwindaji, na jina lake lilikuwa Papa Musafiri, ingawa sidhani kama maishani mwake alishawahi kwenda mbali kuliko mahali ambapo mitego yake iliishia.

Mama alisema kwamba msituni kuna amani. Mimi niliogopa tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na mbingu. Saa sita mchana kulikuwa na giza chini ya miti kama ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kila kitu kilikuwa na unyevu, hata chumvi, na huwezi kujua nani anakuja mpaka afike mbele yako. Tulikula muhogo na ndizi na sombe ya majani ya muhogo, kisha muhogo tena. Mahindi hayakuwepo. Nilikuwa nikiota mahindi.

Siku tuliyofika, Mama Mukubwa alitushika mikono mimi na Amani akatutoa nje ya kijiji, pale njia inapogawanyika.

"Musikie vizuri," alisema. "Kama munaenda kuchota maji, mupite hii njia ya juu. Ile ya chini, ya ku kamutoni, hapana. Hata siku moja. Kule njo kwa Mwenyewe."

"Mwenyewe gani, Mama Mukubwa?"

"Mwenyewe. Tunamuitaka tu vile. Usiulize zaidi."

Sikuuliza zaidi kwa sababu nilidhani nimeelewa. Kule kwetu milimani kulikuwa na mashamba makubwa ya ng'ombe yaliyozungushiwa waya wa miiba, na kila shamba lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mtu mkubwa asiyeonekana. Watoto hatukupita kwake, hatukuokota kuni kwake, na mbuzi akiingia kula majani yake, wachungaji wake walimkamata na kumfungia. Hapo baba alivaa koti lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwenye geti. Alisimama mbali, akapiga hodi, akavua kofia, akasema, "Mwenyewe, utusamehe, ni nyama tu, haina akili." Kila mara tulirudi na mbuzi. Baba aliniambia njiani kwamba mwenye mali akiona mtoto, yeye mwenyewe anaona haya kuwa mkali.

Basi nikajua kwamba hata msituni kuna mwenye shamba. Na nilipata uthibitisho. Mara mbili tatu, tulipofika na Amani kwenye njia panda na madumu yetu, upepo kutoka chini ulituletea harufu ya mahindi. Si mahindi ya kuchemsha. Yale makavu, yanayopasuka katika sufuria ya moto. Tulisimama pale na kumeza mate.

"Mwenyewe anakaanga bisi," nilimwambia Amani.

"Atatupatia?"

"Siku moja nitamuomba."

Watu wa pale walimzungumzia kila siku, na kila walichosema kilizidi kunithibitishia. Mwenyewe amepita nyuma ya kanisa. Mwenyewe amemubeba mbwa ya katekista. Mwenyewe hapendi kelele. Waliposema hivyo walishusha sauti, kama watu wazima wa kwetu walivyoshusha sauti wanapotaja wenye mashamba. Hakuna aliyetamka neno chui mbele yangu hata siku moja. Nafikiri mama alidhani nimeambiwa na dada yake, na dada yake alidhani nimeambiwa na mama.

Kisha, asubuhi moja, mbuzi wa baba hakuwepo. Kigingi kilikuwa kimeng'olewa nyuma ya jikoni na majani yalikuwa yamelala upande mmoja, kama mtu aliyeburuta gunia. Papa Musafiri alichuchumaa, akagusa udongo kwa vidole viwili, akainuka.

"Mwenyewe amemubeba," akasema.

Mama akaketi pale pale chini. Sikuwa nimemwona akilia tangu siku ya maziko. "Tumufuate!" akasema. "Wewe uko na mukuki, shemeji. Tumufuate sasa!"

"Hapana. Akishachukua ameshachukua. Tumuachie."

"Tumuachie? Ni mbuzi ya bwana yangu! Njo kitu moja alituachia!"

 Nilimwangalia Papa Musafiri nikashangaa kwamba mwanaume mzima anaogopa kwenda kuomba msamaha getini. Baba angekuwa ameshavaa koti.

Mchana ule mvua ilinyesha kidogo ikakoma. Mama na Mama Mukubwa walikwenda kwenye shamba la muhogo, Papa Musafiri alikwenda kwenye mitego, na mimi niliachwa nyumbani na Amani. Nilimwosha uso. Nilivaa gauni langu la Jumapili, lililokuwa limenibana mabegani. Nilipanga maneno kichwani, yale yale ya baba, nikamshika Amani mkono tukateremka kwa njia ya chini.

Mwanzoni sikuogopa. Harufu ya mahindi ilikuja, ikapotea, ikaja tena kali zaidi, na nilitembea nikitazama mbele kama nitaona moshi. Udongo ulikuwa laini na Amani aliteleza mara kwa mara, nikawa namwinua kwa mkono mmoja. Halafu nikagundua kwamba hakuna waya, hakuna geti, hakuna hata kisiki kilichokatwa kwa panga. Nyani walianza kupiga kelele juu ya vichwa vyetu, kelele fupi fupi za hasira, wakikimbia tawi hadi tawi. Halafu wakanyamaza wote kwa pamoja.  Nilitaka kurudi, lakini njia nyuma yetu ilionekana sawa na njia mbele yetu, na harufu ilikuwa hapo hapo, imekaa juu ya majani.

Mbele yetu kulikuwa na mti mkubwa ulioanguka, shina lake likiwa juu kuliko kichwa changu. Chini yake niliiona kamba. Niliitambua kwa fundo, kwa sababu mama peke yake ndiye aliyefunga fundo lile. Mwisho wa kamba alikuwa Dada, amelala ubavu kwenye majani, mgongo wake ukitugeukia.

"Amelala," Amani akasema.

Nilisimama mbali kidogo, kama baba. "Hodi," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Hodi, Papa Mwenyewe. Utusamehe. Ni nyama tu, haina akili."

Hakuna aliyejibu. Nikasema tena, kwa nguvu. Nikapiga hatua tatu ili nifungue kamba, na hapo nikaona upande wa pili wa mbuzi. Hakuwa na tumbo. Nzi waliinuka wote pamoja wakakaa tena.

"Dada," Amani alisema, akivuta gauni langu. Nilidhani anamwita mbuzi. "Dada, angalia. Paka."

Alikuwa juu ya shina, amelala kifudifudi, kidevu juu ya miguu yake ya mbele. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nilikuwa nimemtazama bila kumwona, kwa sababu madoa yake yalikuwa sawa na madoa ya jua kwenye majani. Macho tu ndiyo yalikuwa macho. Hayakuniangalia mimi. Yalikuwa yamemwelekea Amani.

Nimekimbia bunduki katika maisha yangu, kabla ya siku ile na baada yake, na ukikimbia bunduki miguu yako inafanya kazi. Pale miguu yangu haikuwa yangu. Mkojo wa moto uliteremka hadi kwenye viatu. Nilisikia sauti kama ya msumeno katika mti mbichi, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na ilinichukua muda kuelewa kwamba inatoka kwake.

"Mutoto." Ilikuwa sauti ya Papa Musafiri, nyuma yangu, ya chini sana. Alikuwa akirudi kutoka kwenye mitego na alisikia mtu anapiga hodi msituni. "Usigeuke. Usikimbie. Muinue Amani. Umuweke ku bega."

"Siwezi."

"Utaweza. Muinue, mukuwe mutu moja murefu. Njo vile."

Nilimwinua. Sijui kwa nguvu gani. Papa Musafiri alikuja mpaka bega langu, mkuki wake ameushika kwa upana mbele yetu, na akaanza kuzungumza. Hakuzungumza na sisi. "Tunaenda," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia mezani. "Ni batoto. Hawakujua. Nyama ni yako. Tunaenda." Na kwangu: "Rudi nyuma. Moja. Tena moja. Usiangalie chini." Tulirudi kinyumenyume hadi shina likafichwa na majani, na sauti ya msumeno ikabaki nyuma ya majani hayo, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi, kwa sababu sikumwona tena.

Mama alitukuta njia panda. Mtu alikuwa amemwambia nyumba iko tupu. Alimnyakua Amani, akampapasa kichwa, mikono, tumbo, kisha akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona.

"Mulifika kule namna gani? Nani aliwapeleka?"

Niliogopa uso ule kuliko nilivyomwogopa yule mnyama. Nikasema jambo la kwanza lililokuja mdomoni. "Tulikuwa hapa, ku njia ya juu. Tulikuwa tunaenda kuchota maji. Akatufuata. Akatukimbiza kule chini."

Nilikuwa sina dumu. Mama hakuliona hilo. Papa Musafiri aliangalia mikono yangu mitupu, kisha akaangalia gauni langu la Jumapili.

Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa na maneno yangu. Usiku ule haikunyesha hata tone. Asubuhi na mapema nilimwona Papa Musafiri akichukua mkuki na kuteremka peke yake, na aliporudi watu walikuwa wamekusanyika barazani. Shefu wa kijiji, mzee mfupi mwenye kikohozi, alinisimamisha katikati.

"Mutoto, sikiliza," alisema. "Hapa tunaishi na Mwenyewe tangu babu zetu. Kama umemukuta ku chakula yake, kosa ni yako, yeye hana neno. Lakini kama anafuata batoto ku njia ya watu, huyo hawezi kubakia. Umeelewa? Sasa sema mbele ya wote. Ulimukuta, ao alikufuata?"

Nilimtafuta mama. Alikuwa amekaa kati ya wanawake, Amani mapajani, midomo yake imekauka. Wanawake wawili nyuma yake walikuwa wakinong'onezana na kutuangalia, wale wale waliokuwa wakisema kwamba wageni wameleta mbuzi, na mbuzi amemleta Mwenyewe hadi majikoni.

"Alitufuata," nikasema.

Shefu akamgeukia Papa Musafiri. "Umetoka kule. Nyayo zinasema nini?"

Papa Musafiri alitazama miguu yake. Alikuwa na tope jipya hadi magotini.

"Mvua ilinyesha," akasema. "Zimefutika."

 Nilijua mvua ilikoma kabla hatujatoka nyumbani, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba usiku ulikuwa mkavu. Lakini hakuna mtu aliyebishana na mwindaji juu ya nyayo. Shefu akasema basi, na kwa kuwa Papa Musafiri ndiye aliyejua mitego kuliko wote, akapewa yeye ile kazi.

Siku ya tatu, saa za asubuhi, walimleta Mwenyewe amefungwa miguu kwenye mti, wanaume wanne wakimbeba. Nilitegemea vigelegele. Watu walikaa kimya, wengine waliondoa watoto wao. Nilisogea karibu kwa sababu nilitaka kuona kama kweli amekufa. Alikuwa mdogo. Katika kichwa changu alikuwa ameshakuwa mkubwa kama ng'ombe, na sasa nikaona unyayo wake haukuzidi kiganja cha mama. Manyoya yake yalinuka bisi. Hapo ndipo nilipoelewa mahindi yale yalikuwa nini, na Papa Musafiri baadaye alinieleza kwamba wanyama wale hukojoa kwenye majani, mkojo wenye harufu ile, ili wengine wajue mpaka wao uko wapi.

Walipomlaza chali ili kumchuna, mmoja wao akasema, "Ni mwanamuke." Akabonyeza tumbo kwa kidole. Maziwa yakatoka, meupe, yakateremka katikati ya madoa.

Mama alikuwa amesimama na mzigo wa kuni kichwani. Aliangalia yale maziwa. Akashusha kuni polepole, akaziacha pale njiani, akaingia nyumbani na kufunga mlango.

Ngozi ilipelekwa kwa mwami, mtawala wa jadi, kama ilivyo desturi. Nasi tukabaki na sauti. Ilianza siku iliyofuata, mchana, kutoka upande wa kamtoni, kwenye kijito cha njia ya chini. Ilikuwa fupi, kavu, kama mtu anayekohoa akijaribu kuita. Mara moja ilikuwa moja, mara nyingine zilikuwa mbili, zikijibizana. Watu waliendelea kutwanga na kumenya muhogo kana kwamba hawasikii. Papa Musafiri alikwenda kuwatafuta wale watoto wa chui mara mbili akarudi mikono mitupu. Siku ya pili ilibaki sauti moja. Siku ya nne hakukuwa na kitu, na ule ukimya niliusikia kuliko sauti.

Nikaacha kula. Mama alidhani ni hofu ya chui ambayo bado inanitafuna, akaniombea, akanikanda kichwa. Mwishowe nilimfuata Papa Musafiri nyuma ya nyumba, alikokuwa akichonga miti ya ua. Nilisimama mpaka nikachoka kusimama.

"Papa Musafiri, hakutufuata. Mimi njo nilienda kwake. Nilitaka mbuzi."

Aliendelea kuchonga. "Ninajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile asubuhi. Nyayo zako, na mahali Amani aliteleza, na mahali ulimuinua. Zote zilikuwa pale, wazi. Za yule hazikukuwa ku njia hata moja."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Aliweka panga chini. Alikuwa mtu wa maneno machache na nilimwona akiyatafuta. "Ningesema, watu wangesema nini? Kwamba batoto ya wageni wanaingia kwa Mwenyewe, wanarudi, wanadanganya mbele ya shefu. Kuko watu hapa walikuwa wanangojea tu neno kama ile." Akafuta jasho kwa mkono wake. "Mungeenda kulala wapi?"

"Ku Karuba," nikasema.

"Ku Karuba kuko nani sasa?"

 Nilianza kulia, si kilio cha mtoto, kile kisicho na sauti. Hakunigusa, hakunituliza. Alichukua panga akaendelea na kazi, na nilielewa kwamba yeye naye alikuwa amewasikia wale watoto siku zile zote, na kwamba mtego ulikuwa wa mikono yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa akichambua sombe mlangoni. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: hodi, kamba, gauni, dumu ambalo sikuwa nalo, nyayo alizozificha Papa Musafiri. Nilitaka anipige. Nilidhani akinipiga itakwisha.

Mama hakunipiga. Aliinuka haraka, akanifunika mdomo kwa kiganja chake kilichonuka majani mabichi, akatoa kichwa nje akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akanivuta ndani hadi ukutani.

"Nani amekusikia?"

Nikatikisa kichwa.

"Usirudilie ile neno," akanong'ona, mdomo wake ukiwa ndani ya sikio langu. "Hata kwa Mama Mukubwa. Hata ku kanisa, hata mu maombi, usiiseme kwa sauti. Umenisikia, mwanangu? Hatuna mahali pengine."

Alinishikilia hivyo muda mrefu, na moyo wake ulikuwa ukigonga mgongoni kwangu kama wakati ule tulipojificha kwenye migomba, milimani, watu wenye silaha wakipita. Tulikaa kijijini pale misimu mingine mitatu ya muhogo. Sikumwambia mtu. Lakini kila nilipopita mbele ya baraza nilisalimu kwanza, kwa sauti ya heshima, wote mmoja mmoja, kabla yeyote hajapata muda wa kuniangalia.